Dakika 4 maabara, saa 60 njiani: uchambuzi wa kisa cha vitanda viwili

Ijumaa moja ya mwezi wa tano, wakati mpunga wa mabondeni unavunwa na wenye mikorosho wameanza kuulizana bei ya salfa, wanaume wawili walilazwa wodini kwetu ndani ya saa moja, vitanda vinavyofuatana. Wote walikuja na homa. Wote mRDT, kipimo cha haraka cha malaria, ilisoma hasi. Wote waliandikiwa dawa zilezile kwa mwandiko uleule: seftriaksoni gramu 1 kila baada ya saa 12, metronidazoli ya mshipa kila baada ya saa 8, na parasetamoli. Mmoja wao alihitaji antibayotiki, ingawa si zote mbili. Mwenzake alihitaji parasetamoli na maji ya kunywa.

Mimi ni mfamasia wa hospitali hiyo, mkoani Lindi, na ni mjumbe wa Kamati ya Dawa na Tiba. Kisa hiki tulikipitia kamatini. Umri na mambo mengine madogo nimeyabadilisha ili wagonjwa wasitambulike, na hospitali siitaji. Sehemu ya kosa ilikuwa yangu, nitaifikia.

Kitanda cha 4 alilala mkulima wa miaka arobaini na kitu kutoka bonde la mto Lukuledi. Homa ilikuwa siku ya tano, kichwa kinamgonga, mwili mzima unauma, na zaidi vigimbi. Mkewe alifungua fundo la kanga akatoa karatasi ya mseto, dawa ya malaria, iliyokwisha na vidonge vitatu vya rangi mbili vilivyobaki. “Kaka, toka Jumatatu hajala. Nimempa mseto, nimempa na hivi, wapi.” Vidonge vilikuwa amoksilini, alivinunua sita kwenye duka la dawa muhimu la kijijini. Maabara ilimpima malaria, hasi. Mkojo ulikuwa na chembe nyeupe alama mbili na protini alama moja. Widali, kipimo cha damu cha taifodi, ilisoma 1:160. Kwa hiyo kwenye faili yakaandikwa maneno mawili ambayo kila mtu mwenye homa nchini kwetu ameshaandikiwa angalau mara moja maishani: taifodi na UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo.

Kitanda cha 5 alikuwa kijana wa bodaboda. Homa siku ya tatu, vipele vidogo kifuani, na viungo vinauma kiasi kwamba hakuweza kuendesha. “Nikishika klachi vidole vinagoma,” alisema. Aliletwa na mjomba wake, mzee mwenye kofia ya kiua. Kwetu kusini mjomba ndiye mwenye neno, na neno la mjomba huyu litakuja kutusumbua Jumatatu.

Daktari wa zamu alikuwa mmoja. Alimaliza kuwaandikia hawa wawili karibu saa 2:30 usiku, akaagiza kipimo cha damu cha CRP kwa wote, kisha akaitwa wodi ya wazazi ambako mama mmoja alitakiwa kuingia chumba cha upasuaji. Hakurudi wodi ya wanaume hadi alfajiri, na aliporudi alikuta wagonjwa wengine wapya watatu. Nayasema haya mapema kwa sababu kikao chetu cha kwanza cha kamati kilitaka kuishia kwake, kwamba alikuwa mwepesi wa kuandika dawa. Mimi sikukubali wakati ule na sikubali sasa.

CRP ni protini ambayo ini huitengeneza kwa wingi mwili unapopambana na maambukizi au uvimbe. Huanza kupanda ndani ya saa 6 hadi 8, na kilele chake huwa kama siku ya pili. Kwa mashine ndogo ya mezani unahitaji tone la damu ya kidole na dakika 4. Namba ikiwa chini ya 20 kwa mtu ambaye homa imeshamkaa siku mbili tatu, na hali yake kwa jumla si mbaya, bakteria wa hatari hawatarajiwi sana. Ikivuka 100, hapo bakteria wana nafasi kubwa. Katikati, daktari anarudi kwenye akili yake na mikono yake. Namba hii haikutajii mdudu. Malaria nayo huipandisha, ndiyo maana bila mRDT pembeni haisomeki vizuri. Na mtu aliyeanza homa asubuhi ukimpima mchana unaweza kupata namba ndogo ya uongo. Lakini kwa swali la daktari wa zamu, “nianze antibayotiki au nisubiri?”, hakuna kipimo kingine tulichonacho kinachojibu usiku huohuo.

Mashine tulikuwa nayo kwa miezi michache. Tuliipokea kwa shangwe, picha zikapigwa, mtaalamu wa maabara akafundishwa. Wodi haikufundishwa chochote, maana ilionekana kazi ni ya maabara.

Saa 3 usiku na dakika chache majibu yakatoka. Kitanda cha 4: 164. Kitanda cha 5: 7.

Mtaalamu wa maabara aliyaandika kwenye daftari kwa mwandiko safi kabisa. Nimeuangalia ukurasa ule mara nyingi. Kuna safu ya jina, safu ya kipimo, safu ya jibu, safu ya saa, na mwisho kabisa safu iliyoandikwa “Jibu limepokelewa na”. Safu hiyo ni tupu kuanzia juu hadi chini, kwa ukurasa ule na kurasa nne za nyuma yake. Simu ya mezani ya wodi ilikuwa haina mlio kwa wiki kadhaa. Kwa hiyo akafanya kile ambacho sote tulikuwa tunafanya: alipiga picha ya ukurasa akaituma kwenye kundi la WhatsApp la hospitali. Ipo mpaka leo, saa 3:07 usiku, katikati ya rambirambi za msiba wa mwenzetu wa mapokezi na orodha ya michango ya sendofu. (Kwamba majina ya wagonjwa na majibu yao yalikuwa yanarushwa kwenye kundi lenye watu zaidi ya mia, wakiwemo waliokwisha kuhama, ni kosa jingine linalostahili kikao chake.) Simu ya daktari ilikuwa kabatini, yeye akiwa amevaa gauni la upasuaji. Muuguzi wa wodi hakuwa na bando.

Dozi ya kwanza ya seftriaksoni ilichomwa saa 4 usiku. Maana yake jibu la kitanda cha 5 lilikuwa limeshatoka karibu saa nzima kabla ya tone la kwanza kuingia mshipani mwake.

Sasa zamu yangu. Ijumaa jioni dirisha la famasia huandaa dawa za mwisho wa wiki, kwa kuwa Jumamosi na Jumapili tunabaki mtu mmoja na foleni ni ileile. Mazoea yetu yalikuwa kutoa dozi za siku nne kwa mkupuo. Kila mmoja wa wagonjwa hawa alitolewa vichupa 8 vya seftriaksoni na chupa 12 za metronidazoli. Wote wawili hawakuwa na bima, wakalipa taslimu. Vichupa vikapangwa kwenye kabati dogo la kitanda, na kuanzia hapo dawa ilijiendesha yenyewe. Muuguzi wa asubuhi anakuta dawa ipo, chati imeandikwa, saa imefika, anachoma. Muuguzi wa usiku hivyohivyo. Kwa siku mbili nzima hakuna aliyelazimika kuamua kwamba kijana wa kitanda cha 5 aendelee na seftriaksoni. Aliendelea kwa sababu vichupa vilikuwepo.

Jumamosi asubuhi mtu alikumbuka damu ya kuotesha, ile inayowekwa kwenye chupa maalumu kuona kama bakteria wataota. Chupa zake huwa zinafungiwa, ufunguo unaondoka na mtu wa mchana, ndiyo maana Ijumaa hazikupatikana. Damu ikachukuliwa baada ya dozi ya kwanza, na hilo peke yake linaweza kufuta karibu nusu ya majibu ambayo yangeota.

Jumatatu saa 3 asubuhi raundi ilianza na daktari wa wodi, dada mmoja mtulivu ambaye ana tabia ya kuvuta stuli akakaa kabla hajauliza kitu. Nami nilikuwepo, kwa kuwa Jumatatu famasia hupita na madaktari. Alifunua faili la kitanda cha 4, akasoma taifodi, akasoma UTI, akafika kwenye mstari wa “Kazi”. Umeandikwa “mkulima”. Hapa kwetu neno hilo halikuambii chochote. Mwalimu ni mkulima, fundi cherehani ni mkulima, mwenye mikorosho ya juu huko kwenye mchanga mkavu ni mkulima na mwenye jaruba la mpunga pia ni mkulima.

“Kaka, unalima nini?”

“Mpunga, dokta. Bondeni.”

“Unaingia na buti?”

“Buti gani tena? Pekupeku.”

“Panya wapo?”

Mgonjwa alicheka kwa mara ya kwanza tangu alazwe. “Panya? Mwaka huu wamevuna wao kabla yetu.”

Daktari alimshusha kope ya chini. Macho yalikuwa mekundu bila tongotongo, na pembeni pana umanjano wa kutafuta. Alimbonyeza kigimbi, mgonjwa akaruka. Kreatinini ya asubuhi ile, kipimo cha figo, ilikuwa imepanda. Hakusema jina kwa sauti, aliliandika: homa ya Mgunda, na alama ya kuuliza.

Wasomaji wa Lindi wanalikumbuka jina hilo. Julai 2022, kule Ruangwa, watu walianza kufika kituo cha afya cha Mbekenyera wakiwa na homa, kichwa, uchovu na damu ikitoka puani. Ebola ilitafutwa haikuonekana, Marburg haikuonekana, UVIKO-19 haikuonekana. Wagonjwa walifika 20 na watatu walifariki, na tarehe 18 ya mwezi huo Waziri wa Afya wa wakati huo, Ummy Mwalimu, akatangaza kwamba ni leptospirosisi, homa ya Mgunda. Bakteria wake hukaa kwenye figo za panya na wanyama wengine, hutoka na mkojo, huingia kwenye maji na tope, kisha kwenye mguu wa mtu wenye mkwaruzo. Huponywa na antibayotiki za kawaida kabisa: doksisaiklini ya vidonge kwa hali nyepesi, penisilini au seftriaksoni ya sindano kwa hali nzito.

Hapa ndipo kisa kinapokuwa kigumu kuliko tulivyozoea kukisimulia kwenye semina za UVIDA, usugu wa vimelea dhidi ya dawa. Huyu mkulima alipewa seftriaksoni kwa sababu zisizo sahihi na ikamfaa. Angelala siku saba, angetoka amepona, na faili lingebaki na taifodi. Widali ya mara moja haina uzito, kwani kingamwili zake hubaki muda mrefu baada ya ugonjwa wa zamani, na huweza kuchokozwa na maambukizi mengine. Chembe nyeupe kwenye mkojo zilitokana na figo zilizokuwa zinashambuliwa, si lazima na UTI. Na damu ya kuotesha, hata ingechukuliwa Ijumaa saa 2, isingemwonyesha, kwa kuwa leptospira hawaoti kwenye chupa za kawaida. Dawa pana ina kawaida hiyo: inatibu na kuficha kwa wakati mmoja. Jirani zake wa bondeni wangeendelea kuvuna pekupeku, na ngazi ya wilaya isingepata taarifa.

CRP ya 164 ilimsaidiaje? Kama ingefika kitandani Ijumaa, isingepunguza seftriaksoni yake hata kichupa kimoja. Ingemfanya daktari wa zamu ajue ana maambukizi mazito ya bakteria ambayo bado hayana jina, na hiyo ni hali tofauti na “taifodi na UTI”, ambalo ni jina linalofunga maswali. Mimi naamini figo zingepimwa Jumamosi. Metronidazoli, ambayo haikuwa na kazi yoyote kwa mtu asiye na tatizo la tumbo wala usaha, ingeanguka mapema. Jumatatu daktari aliikata hapohapo, akaiacha seftriaksoni hadi homa ikatulia na kreatinini ikaanza kushuka, na Jumatano akambadilishia doksisaiklini ya vidonge ili amalizie siku saba. Tangu 2017 Shirika la Afya Duniani limezigawa antibayotiki makundi matatu. Doksisaiklini iko kwenye kundi la dawa za kutumiwa kwanza, seftriaksoni iko kwenye kundi la pili, la dawa za kuchungwa, kwa kuwa inakaribisha usugu haraka. Kwenye Umoja wa Mataifa mwaka 2024 nchi zilikubaliana kwamba kufikia 2030 angalau 70% ya antibayotiki zinazotumiwa na watu duniani ziwe za kundi la kwanza. Ukifungua daftari la famasia ya wodi nyingi za hapa nchini utaona tulivyo mbali.

Sampuli ya damu yake ilipelekwa kupitia mfumo wa ufuatiliaji wa magonjwa. Uthibitisho mzuri unahitaji sampuli mbili, ya pili baada ya wiki kama mbili, kuona kama kingamwili zimepanda. Wiki mbili baadaye alikuwa ameshapona na yuko kwenye mikorosho ya shemeji yake akipuliza salfa. Faili lake bado linasema “anashukiwa”.

Kwa kijana wa kitanda cha 5 mambo ni mepesi kueleza na yanauma zaidi. Homa siku ya tatu, CRP 7, viungo, vipele. Kila kitu kilielekea kwenye kirusi. Kipimo cha kujua kirusi gani hatukuwa nacho, ingawa kusini mwa Tanzania ni aibu kidogo kukosa. Chikungunya, homa ya kirusi inayoenezwa na mbu, ilitambuliwa kwa mara ya kwanza hukuhuku, kwenye uwanda wa Wamakonde upande wa Newala, katika mlipuko wa 1952 na 1953, na jina lenyewe ni la Kimakonde, la kitu kinachompinda mtu. Babu zetu walikipa ugonjwa jina kabla ya maabara yoyote. Utafiti uliofanywa Moshi kwa wagonjwa 870 waliolazwa na homa mwaka 2007 na 2008 ulionyesha madaktari waliandika malaria kwa 60.7% yao, na malaria yenyewe ikawa chanzo kwa 1.6% tu. Mle ndani walikutwa wagonjwa 40 wa leptospirosisi na 55 wa chikungunya. Hakuna aliyewadhania. Nikisoma namba hizo naona vitanda vyetu viwili.

Zamani malaria ndiyo ilikuwa kapu la kutupia kila homa. mRDT ilipokuja, kapu likabadilika tu. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2017, uliokusanya zaidi ya wagonjwa laki tano kutoka Afrika na Afghanistan, ulikuta kwamba waliosoma hasi kwenye kipimo cha haraka cha malaria walipewa antibayotiki kwa 69%, na waliosoma chanya kwa 40%. Mantiki yake kila mhudumu anaijua: malaria hakuna, mgonjwa yuko mbele yangu, ndugu zake wananitazama, lazima niandike kitu. Jibu hasi lisipofuatwa na swali la pili linakuwa kibali cha sindano. CRP ililetwa iwe swali hilo la pili, nasi tukaliacha kwenye WhatsApp.

Jumatatu kijana alikuwa ameketi anakula mihogo. Alikuwa ameshachomwa dozi tano za seftriaksoni na chupa nane za metronidazoli, na mkono wa kushoto umevimba pale kanula ilipokuwa. Daktari alisoma CRP kwenye simu yangu, akaangalia saa ya picha, akanitazama bila kusema neno. Kisha akaandika “simamisha zote”. Dozi ya saa 4 asubuhi ilikuwa imebaki nusu saa.

Kusimamisha kukaniangukia mimi.

“Mjomba, hizi sindano tunazikatisha.”

“Zimeisha?”

“Hazijaisha. Hazimsaidii.”

“Hazimsaidii vipi na mtoto amepona?”

Alikuwa na hoja, na ndiyo hoja ngumu kuliko zote kwenye kazi hii. Homa ya kijana ilishuka Jumapili. Homa ya kirusi ilikuwa inakwenda zake, seftriaksoni ikawa njiani, ikabeba sifa. Nilijaribu kueleza tofauti ya bakteria na kirusi, nikaona macho yake yamehamia kwenye kabati la kitanda. Vichupa vitatu vimebaki, havijafunguliwa.

“Na hela? Ufuta wangu uko ghalani, malipo hayajatoka. Hii nimekopa.”

Dawa iliyokwisha kutoka dirishani haturudishi stoo, maana hatujui imekaa kwenye joto gani. Na utaratibu wa kumrudishia mtu fedha ya dawa iliyokatishwa haukuwepo. Kwa hiyo nilikuwa namwambia mzee huyu kwamba dawa aliyoikopea haikuhitajika tangu mwanzo, kwamba tulijua tangu Ijumaa saa 3 usiku, na kwamba hela harudishiwi. Nilisema yote isipokuwa la katikati. Hilo la katikati nililimeza, na bado linanikera. Akavitia vichupa vitatu kwenye bahasha ya kaki, akamshika mpwa wake mkono, wakaondoka.

Kamati ilipokaa mara ya pili nilileta jaribio moja la Marekani, lililofanyika Minnesota na kuchapishwa 2015. Wagonjwa 617 ambao damu yao iliotesha vimelea waligawanywa makundi matatu. Kundi moja lilipata utaratibu wa kawaida, la pili likapata kipimo cha vinasaba kinachomtaja mdudu kwa saa moja hivi, la tatu likapata kipimo hichohicho pamoja na mtu wa usimamizi wa antibayotiki anayepiga simu kwa daktari saa yoyote. Muda wa kupunguza dawa pana ulikuwa saa 34 kwa utaratibu wa kawaida. Kwa kipimo peke yake ulikuwa saa 38. Kwa kipimo chenye mtu nyuma yake, saa 21. Kule kuna mashine ambazo sisi tutaziona kwenye picha tu, na bado mashine bila mtu haikuharakisha kupunguza dawa. Mganga mfawidhi wetu aliuliza swali moja: “Kwa hiyo hapa mtu huyo ni nani?” Kimya kilichofuata kilikuwa kirefu.

Tulichokubaliana hakikuhitaji fedha. Jibu la CRP sasa linapelekwa kwa miguu. Mtu wa maabara anatoka na kipande cha karatasi, anampa muuguzi wa zamu mkononi, muuguzi anaweka saini na saa kwenye ile safu iliyokuwa tupu, kisha yeye mwenyewe anaandika namba kwa kalamu nyekundu juu ya chati ya dawa, pembeni ya jina la antibayotiki. Ni mwendo wa kuvuka uwanja wa mwembe, kama hatua themanini. Picha za majibu kundini zimepigwa marufuku. Famasia inatoa dozi za saa 24 tu za antibayotiki yoyote ya sindano, hata Ijumaa. Vichupa vya siku ya pili vinatoka muuguzi anapoleta chati yenye namba nyekundu au maelezo ya daktari kwa nini anaendelea bila namba. Namba ikiwa ndogo, mtu wa dirishani ana ruhusa, na wajibu, wa kumpigia daktari kabla ya kutoa. Na ufunguo wa chupa za kuotesha damu sasa unalala hospitali.

Wa kwanza kulalamika walikuwa watu wangu wa famasia, kwa kuwa Jumapili sasa dirisha halipumziki. Wauguzi nao walisema wameongezewa kazi ya daktari. Wote walikuwa sahihi, na zamu ya Jumapili ilibidi iongezewe mtu wa nusu siku. Kisha vitendanishi vya CRP vikaisha, na mashine ikakaa kimya wiki kadhaa ikisubiri mzigo. Nilitegemea utaratibu wote uanguke. Sehemu moja haikuanguka: vichupa vya saa 24. Bila namba yoyote, kule kulazimika kurudi dirishani kila siku na chati mkononi kulifanya mtu auulize mstari wa “endelea” unaendelea kwa nini. Mara kadhaa daktari alipigiwa akasema, “Hee, huyo bado yupo kwenye sindano? Kata, mpe vidonge.” Ningechagua moja kati ya mashine na mazoea hayo, ningeumia kuchagua, lakini ningeanza na mazoea.

Faili nalo limebadilika kidogo. Kwenye “Kazi” hatuandiki tena mkulima peke yake. Tunaandika mpunga, korosho, ufuta, mifugo, na kama anaingia majini.

Mjomba alirudi mwezi wa nane. Alisimama dirishani na ile bahasha ya kaki, imechakaa pembeni, akataka bomba tatu za sindano na maji ya kuchanganyia. Nilimuuliza za nani. Mjukuu, alisema, ana homa tangu jana, na dawa ya homa anayo, ile iliyomponyesha mpwa wake, shida ni bomba tu, na pale kijijini kuna kijana anajua kuchoma. Mtoto alikuwa nje kwenye benchi, mgongoni kwa mama yake.

Tuliwapeleka maabara. mRDT ilisoma chanya, mistari miwili iliyokolea. Nilimpa mama mseto nikamwonyesha jinsi ya kuusaga na kumpa na chakula chenye mafuta kidogo. Mjomba alisimama pembeni anasikiliza, kisha akasukuma bahasha kupitia tundu la dirisha.

“Zikae kwako,” alisema. “Ila hela yangu nakumbuka.”